Siku 180 za Vallco

Jumanne ya tarehe 27 Machi 2018, kampuni ya Sand Hill Property ilipeleka kwenye ofisi ya mipango miji ya Cupertino, California, maombi ya kujenga nyumba 2,402 mahali palipokuwa na maduka ya Vallco. Nusu kamili ya nyumba hizo, yaani 1,201, zilitengwa kwa watu wa kipato cha chini. Ombi la ukubwa huo katika mji ule lilikuwa na safari yake inayojulikana: vikao, maahirisho, marekebisho, wakazi kujaza ukumbi kupinga, kisha baada ya miaka madiwani kupiga kura. Safari hii mambo yalikuwa tofauti. Maombi yaliletwa chini ya sheria ya jimbo iliyokuwa na umri wa miezi mitatu tu, na sheria hiyo iliwapa maofisa wa mji siku 180 za kupima, kuhesabu na kujibu. Madiwani hawakuwa na kura.

Siku hazikupita. Ijumaa ya tarehe 21 Septemba 2018, zikiwa zimebaki siku mbili muda uishe, mji ulitoa idhini.

Na bado, mwaka 2024 ulipokwisha hakuna mpangaji hata mmoja aliyekuwa amekabidhiwa ufunguo pale Vallco. Hapo ndipo kisa kilipo. Jimbo liliamua kuwa tatizo la nyumba za bei nafuu ni idhini, likaishughulikia idhini kwa nguvu zote, na idhini ikapatikana. Nyumba hazikupatikana. Wapo wanaotumia Vallco kuthibitisha kwamba sheria ile ilishindwa. Mimi sikubaliani nao, lakini sababu zangu haziwezi kueleweka bila kuufuata mradi wenyewe hatua kwa hatua.

Mji, maduka na hesabu ya wafanyakazi

Cupertino ni mji wa watu wasiozidi sana 60,000, upande wa magharibi wa San Jose, kaunti ya Santa Clara. Wengi wanaujua kwa sababu ya Apple. Makao mapya ya kampuni hiyo, yaliyofunguliwa 2017 kwa ajili ya wafanyakazi wapatao 12,000, yako karibu na Vallco, ng'ambo ya barabara kuu namba 280. Zamani bonde lile lote la Santa Clara lilikuwa mashamba ya matunda. Maduka ya Vallco yalifunguliwa 1976, wakati mashamba yalipokuwa yanageuka kuwa vitongoji vya nyumba za ghorofa moja zenye bustani mbele na gereji pembeni, na kwa miaka mingi vijana wa Cupertino walikwenda pale kununua viatu na kuteleza kwenye barafu.

Kisha maduka yakafa. Maduka makubwa mawili ya pale, Macy's na Sears, yalifungwa 2015, la tatu, JCPenney, likafuata 2016. Palibaki korido ndefu zenye taa, vioo vilivyofunikwa kwa karatasi, na maegesho ya magari yaliyotandazwa kwenye takriban ekari 50 za ardhi ghali kuliko karibu ardhi yoyote nchini Marekani. Nje ya uzio, kodi za nyumba zilikuwa zinapanda kila mwaka. Mwaka 2018 kipato cha kati cha familia ya watu wanne katika kaunti ya Santa Clara kilikadiriwa na serikali ya shirikisho kuwa dola 125,200 kwa mwaka. Mwalimu wa chekechea, mpishi wa mkahawa wa kampuni, mlinzi wa usiku, muuguzi msaidizi: hao wote walikuwa chini ya mstari huo, wengi mbali sana chini yake. Waliokosa nyumba jirani walikwenda kuishi Tracy, Stockton, Modesto, ng'ambo ya milima ya Altamont, na kila siku wakaamka kabla ya alfajiri kurudi kwenye bonde kufanya kazi. Wakati wa kufika nyumbani, watoto wamelala.

Kwa nini mji tajiri namna hiyo haujengi? Sababu mojawapo ni ya kodi. Tangu 1978, Pendekezo namba 13, sheria iliyopitishwa kwa kura ya wananchi, limeweka kikomo cha kodi ya majengo California, kwa hiyo nyumba mpya huiingizia halmashauri fedha kidogo kuliko huduma zinazohitajika kwa wanaoishi humo. Duka huleta kodi ya mauzo. Ofisi huleta kampuni, na kampuni haina watoto wa kupeleka shule. Mweka hazina wa mji akikaa na kalamu, atachagua ofisi. Miji jirani ikifanya hesabu hiyohiyo, bonde zima linajaa ajira na kukosa vitanda.

Sababu nyingine ni mamlaka ya hiari. Kwa miongo mingi, karibu kila jengo kubwa California lilihitaji kikao, na kikaoni diwani aliweza kulikataa kwa sababu ambazo hakuna rula inayoweza kuzipima: halilingani na haiba ya mtaa, ni refu mno, litaleta msongamano, halipendezi. Juu ya hapo kuna sheria ya tathmini ya mazingira ya 1970. Iliwekwa kwa nia njema kabisa, lakini kila uamuzi wa hiari unaoingia chini yake unaweza kushtakiwa, na shauri moja tu la jirani mwenye fedha linaweza kuchelewesha jengo kwa miaka.

Tangu 1969 jimbo limekuwa likizitaka halmashauri kupanga nyumba za kutosha watu wa vipato vyote. Kwa kipindi cha 2014 hadi 2022, Cupertino ilipangiwa nyumba 1,064: 356 za watu wa kipato cha chini sana, 207 za kipato cha chini, 231 za kipato cha wastani na 270 za walio juu ya hapo. Tazama mgawanyo huo kwa makini. Zaidi ya nusu ya nyumba zote zilikuwa za watu wa makundi mawili ya chini. Lakini wajibu wa mji ulikuwa kuonyesha kwenye ramani mahali nyumba hizo zingeweza kukaa. Kuzijenga, au hata kumruhusu mtu azijenge, lilikuwa jambo lingine. Ramani zilichorwa vizuri, zikapitishwa, zikawekwa kabatini.

Kura mbili za 2016

Sand Hill ilinunua Vallco mwaka 2014. Mpango wake wa kwanza ulibuniwa na msanifu Rafael Viñoly na ulikuwa na kitu cha kuvutia macho: paa moja kubwa la bustani la takriban ekari 30 lililotanda juu ya majengo kama kilima. Chini ya bustani kulikuwa na ofisi za futi za mraba milioni 2, maduka na nyumba mia kadhaa. Ukweli usemwe, ule ulikuwa mradi wa ofisi wenye nyumba pembeni.

Novemba 2016 wakazi walipiga kura mbili kwa siku moja. Moja iliandaliwa na wakazi waliotaka Vallco ibaki ya maduka na majengo yawe mafupi. Nyingine iliungwa mkono na mwendelezaji, yaani Sand Hill, ili mpango wake upite. Zote mbili ziliangushwa. Wapiga kura wa Cupertino hawakutaka majengo marefu, wala hawakutaka kujifunga wasiyapate. Maduka yakabaki matupu.

Nawaheshimu watu wa kura ile. Walioipinga Sand Hill hawakuwa watu wabaya. Wengi walikuwa wamelipia nyumba zao kwa jasho, wengi ni wahamiaji kutoka Asia waliofika pale kwa ajili ya shule nzuri, na hofu yao kwamba ofisi za futi milioni 2 zingeleta wafanyakazi wengi kuliko nyumba zilizopangwa ilikuwa hofu ya hesabu. Walikuwa sahihi kuhusu hesabu hiyo. Ila kwenye karatasi ya kura hapakuwa na mahali pa mpishi wa Stockton, kwa sababu kura ya mji hupigwa na wanaoishi mjini. Anayetafuta nyumba pale bado haishi pale. Hili ndilo jambo ambalo halmashauri pekee haiwezi kulitibu, hata madiwani wake wawe waadilifu kiasi gani, na ndiyo sababu naona jimbo lilikuwa na haki ya kuingilia.

Sheria yenyewe

Sheria inaitwa SB 35. Iliandikwa na seneta Scott Wiener wa San Francisco, ikatiwa saini na gavana Jerry Brown mwezi Septemba 2017, ikaanza kutumika tarehe 1 Januari 2018. Muundo wake ni rahisi kueleza. Jimbo linaangalia kila mji umejenga kiasi gani kati ya nyumba ulizopangiwa. Ukiwa nyuma, mwendelezaji anaweza kuukwepa mkondo wa vikao: akitimiza masharti yaliyoandikwa, mji lazima umpe kibali. Hakuna kura ya madiwani, hakuna tathmini ya mazingira.

Mji ulio nyuma katika nyumba za watu walio juu ya kipato cha wastani unapokea miradi yenye angalau asilimia 10 ya nyumba nafuu. Ulio nyuma katika nyumba za kipato cha chini, mradi lazima uwe na asilimia 50. Jimbo lilipotoa orodha yake ya kwanza mwanzoni mwa 2018, kati ya miji na kaunti 539 ni 13 tu zilizokuwa zimetimiza malengo yote. Cupertino ilikuwa kwenye kundi la asilimia 50, na hapo ndipo namba ya 1,201 ilipotoka. Haikutokana na ukarimu wa kampuni wala na mazungumzo ya usiku na meya. Ilitokana na ripoti ya mji wenyewe juu ya ilichojenga na ilichoshindwa kujenga.

Kwa miradi ya nyumba zaidi ya 150, mji una siku 90 kusema kwa maandishi ni sharti gani limevunjwa. Usiposema ndani ya muda, mradi unahesabiwa kuwa umetimiza masharti. Uamuzi wa mwisho ni ndani ya siku 180. Miradi midogo ina siku 60 na 90.

Nadhani kifungu kile cha ukimya ndicho moyo wa sheria. Kwenye mfumo wa zamani, ofisa asiyetaka lawama alikaa kimya, na kukaa kimya kulikuwa sawa na kukataa. Hapa kukaa kimya ni kukubali. Kazi ya ofisa inabadilika kabisa: ili akatae, lazima aandike, na akiandika, lazima ataje kifungu.

Ndani ya siku 180

Ofisi ya mipango miji ya Cupertino iliulizwa maswali ambayo mtu angeweza kuyajibu kwa rula, ramani na kikokotoo. Je, kiwanja kiko mjini, na angalau robo tatu ya mipaka yake inapakana na eneo lililokwisha kujengwa? Je, kiko nje ya ardhi oevu, shamba zuri la kilimo, eneo la hatari kubwa ya moto? Je, kipo kwenye orodha ya viwanja vyenye taka hatari? Je, ujenzi utabomoa nyumba za wapangaji? Je, mafundi watalipwa ujira uliowekwa na jimbo? Je, angalau theluthi mbili ya eneo la sakafu ni makazi?

Hilo la mwisho ndilo lililoubadilisha mradi. Sand Hill haikuacha ofisi. Iliomba futi za mraba milioni 1.8 za ofisi na 400,000 za maduka. Jumla milioni 2.2. Kwa kuwa hiyo haikuruhusiwa kuzidi theluthi moja, makazi ilibidi yavuke milioni 4.4. Kwa hiyo kila futi ya ofisi ambayo kampuni iliitaka ilikuja na futi mbili za nyumba nyuma yake, na nusu ya nyumba hizo lazima ziwe nafuu. Kutoka mamia ya nyumba kwenye mpango wa 2016, tukafika 2,402. Kampuni ni ileile, uwanja ni uleule, muda uliopita haujafika miaka miwili. Sipati mfano mwingine unaoonyesha waziwazi kiasi gani sentensi moja ya sheria inaweza kubadilisha jengo.

Na mji ulikuwa umejifungia mlango wenyewe. Mwaka 2014 mpango mkuu wa Cupertino ulitenga kwa Vallco hadi futi milioni 2 za ofisi, na suala la urefu wa majengo ukaliachia mpango mahsusi ambao ungetungwa baadaye. Mpango huo haukuwa umetungwa. Wapinzani waliposema majengo ni marefu mno, walitakiwa kuonyesha kikomo kimeandikwa wapi, na kwenye mpango mkuu hakikuwepo. Halmashauri iliyozoea kuamua kila kitu kikaoni haikuona haja ya kuandika vipimo mapema, kwa sababu maneno ya jumla ndiyo yaliyoipa nguvu. Sheria mpya ilipokuja, maneno ya jumla hayakuwa na thamani yoyote.

Barua ya kwanza ilitoka Ijumaa ya tarehe 22 Juni, siku tatu kabla ya siku 90 kuisha: mradi unastahili. Septemba ikaja idhini. Mwezi huohuo madiwani walipitisha mpango mbadala waliokuwa wakiuzungumza na wakazi na kampuni, wenye nyumba nyingi na manufaa mengine kwa jamii, wakitumaini Sand Hill ingeuchagua badala ya ule wa sheria ya jimbo. Wapinzani wakakusanya saini dhidi ya mpango mbadala nao. Uchaguzi wa Novemba ukaleta baraza jipya lenye sauti kali zaidi dhidi ya mradi, na mwaka 2019 baraza hilo likaufuta mpango mbadala, kisha likaondoa zile ofisi kwenye mpango mkuu. Kwa hiyo njia ya maelewano ikafungwa na walewale waliokuwa wakilalamika kwamba hawakushirikishwa, na ikabaki njia moja tu, ile isiyohitaji kura yao. Hili linaniuma kuliko sehemu nyingine yoyote ya kisa, kwa sababu mpango mbadala ndio pekee ambao wakazi walikaa mezani kuuandika.

Mahakamani

Kundi la wakazi liitwalo Friends of Better Cupertino lilifungua shauri mwaka 2018 dhidi ya mji kwa kuukubali mradi. Miongoni mwa hoja zao mbili zinastahili kutajwa: kwamba kiwanja kilikuwa kwenye orodha ya taka hatari, na kwamba hesabu ya theluthi mbili haikutimia. Tarehe 6 Mei 2020 jaji Helen Williams wa mahakama ya kaunti ya Santa Clara aliwakatalia, na idhini ikasimama.

Ushindi ule ulisherehekewa California nzima na watu wanaopigania nyumba, kwa haki kabisa. Mradi mkubwa kuliko yote iliyotumia sheria hiyo ulikuwa umepita kwenye moto wa mahakama. Lakini hesabu miezi: idhini ilichukua 6, shauri likachukua karibu 23. Sheria iliyowekea halmashauri saa haikuiwekea mahakama saa yenye kasi ileile. Benki haikopeshi kwa jengo ambalo idhini yake inaweza kufutwa, kwa hiyo maduka ya zamani, yaliyoanza kubomolewa tangu Oktoba 2018, yakabaki kifusi na uwanja mtupu.

Udongo

Hukumu ilitoka wakati janga la Uviko limewarudisha wafanyakazi wa ofisi nyumbani. Mradi ambao nyumba zake nafuu zingebebwa na kodi ya wapangaji wa ofisi ulijikuta ofisi hazina wateja. Kisha udongo ukapimwa. Mahali palipokuwa na gereji za magari za maduka makubwa ya zamani palikutwa na uchafuzi, na kazi ya kupima na kusafisha ikaingia chini ya idara ya afya ya mazingira ya kaunti. Miaka mingine ikaenda.

Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu ni sehemu ngumu kwa mtu anayeitetea sheria kama mimi. SB 35 iliuliza kama kiwanja kiko kwenye orodha. Haikuuliza kama udongo ni safi. Vigezo vya kuhesabika vina nguvu kwa sababu havina hiari, na udhaifu wao uko hapohapo: vinaona kilichoandikwa tu. Gereji ambayo kwa miaka mingi ilimwaga mafuta sakafuni haionekani kwenye karatasi mpaka mtu achimbe shimo. Tathmini ya mazingira iliyoondolewa ingeweza kuliona hilo mapema. Ingeweza pia kuuchelewesha mradi miaka mitatu kwa hoja za kivuli na msongamano, ndiyo maana iliondolewa. Mimi ningependa sheria itake kitu kimoja zaidi: udongo upimwe na matokeo yaambatanishwe na maombi siku ya kwanza. Kipimo cha maabara nacho kinahesabika. Hakihitaji kikao.

Somo la namna hiyo lilishapatikana upande mwingine wa ghuba. Huko Berkeley mwendelezaji alitumia sheria ileile kuomba nyumba 260 juu ya eneo ambalo Waohlone, wenyeji asilia wa sehemu ile, walilitambua kuwa mahali pao patakatifu pa kale. Mji ukakataa 2018, mahakama ya rufaa ikampa ushindi mwendelezaji 2021, na hatimaye 2024 ardhi ile ikanunuliwa na kurudishwa kwa Waohlone. Bunge la jimbo lilikuwa limeshaongeza mwaka 2020 sharti la kushauriana na makabila asilia kabla ya ombi kuingizwa. Walikiona kilichokosekana, wakakiandika. Kwa udongo inawezekana vilevile.

Kutoka 1,201 hadi 890

Mradi ukabadilishwa jina, ukaitwa The Rise, na michoro mipya ikapelekwa mjini. Februari 2024 Cupertino iliidhinisha marekebisho: nyumba 2,669, nafuu zikiwa 890. Ofisi zikawa karibu futi milioni 1.95, maduka yakapungua hadi kiasi cha 226,000. Nyumba zote pamoja ziliongezeka, zile za watu wa kipato cha chini zikapungua kutoka nusu hadi theluthi moja. Wataalamu wa fedha za ujenzi watakueleza kwa nini: riba zilipanda, gharama za ujenzi zilipanda, ofisi hazikopesheki kama zamani, na nyumba inayopangishwa chini ya gharama yake lazima kitu kingine kiibebe. Naelewa. Lakini sheria iliondoa kizuizi cha kura na haikuweka fedha mezani. Asilimia 50 ndani ya mradi wa kibinafsi, bila ruzuku kubwa ya umma, ilitegemea soko la ofisi liendelee kuwa kama lilivyokuwa Machi 2018.

Linganisha na jengo moja la San Francisco. Katika namba 833 mtaa wa Bryant kulijengwa vyumba 145 vya watu waliokuwa wakilala nje, chini ya sheria ileile. Hapakuwa na ofisi. Fedha za hisani zilitangulia ili mradi usisubiri foleni ya mikopo ya serikali, na vyumba vilitengenezwa kiwandani Vallejo, vikaletwa kwa malori na kupangwa kimoja juu ya kingine. Tangu kuanza hadi wakazi kuingia mwaka 2021 ilikuwa kama miaka mitatu, kwa gharama ya chini ya dola 400,000 kwa chumba, katika mji ambao miradi ya aina hiyo imezoea kuchukua miaka mingi zaidi na kugharimu zaidi sana. Kule idhini ya haraka ilikutana na fedha zilizokuwa tayari na kiwanja kisicho na ugomvi. Idhini ilikuwa ndicho kitu kilichobaki kuzuia, na kilipoondolewa, jengo likasimama.

Ndiyo maana nasema Vallco haithibitishi kwamba sheria ilishindwa. Miradi mingi iliyopita kwa SB 35 miaka ya mwanzo ilikuwa kama ya Bryant, majengo ya mashirika yasiyo ya faida ambayo nyumba zote ni nafuu, na hayakuingia kwenye habari kwa sababu hayakuwa na ugomvi. Mwaka 2023 jimbo lilipitisha SB 423 na kuiongezea sheria hiyo maisha hadi 2036. Naunga mkono. Cupertino yenyewe, kwa kipindi kipya kinachoishia 2031, imepangiwa nyumba 4,588, zaidi ya mara nne ya zile 1,064.

Vallco inafundisha jambo la mpangilio. Jimbo linalotaka nyumba nafuu kwa njia ya haraka linahitaji kujiuliza, kabla ya saa kuanza kuhesabu, ni nani atalipa kodi ya mpangaji asiyeweza kulipa kodi yote. Kwenye mtaa wa Bryant jibu lilikuwepo kabla ya maombi. Kule Vallco jibu lilikuwa ofisi, na hapakuwa na jibu la pili.

Kati ya Septemba 2018 na Februari 2024, nyumba 311 za watu wa kipato cha chini ziliondoka kwenye michoro ya Vallco bila kura ya diwani yeyote kuzipinga.